Bangili za Usingizi

Jumatatu, 12 Februari 2018

Chupa. Bado nazisikia. Lori la bia lililopinduka Kikorongo mwaka jana. Watu walipiga kelele, wakanyamaza, lakini chupa ziliendelea kupasuka kwa jua. Moja. Kimya. Nyingine. Nilikuwa nimekaa kwenye changarawe, kichwa cha dereva mapajani mwangu, damu yake ikinikaukia kwenye sketi, nami nangoja ipasuke inayofuata. Barabarani hapakuwa na alama ya breki. Alilala tu.

Leo nimechaji bangili zote na kuzifuta jasho kwa spiriti. Joto la Kasese halina huruma, na chumba chetu kiko juu ya duka la vyuma, chini ya bati tupu. Bwambale, mwenzangu wa kazi, yuko kwenye simu na wenye fedha, watu wa Kampala, tangu asubuhi. Anasema "sisi tumetengeneza" kila anapomaanisha mimi. Nimezoea. Tulisoma darasa moja chuoni. Hata wakati ule aliongea yeye nikafanya mimi.

Bangili inapima mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono. Inapeleka kwenye simu ya dereva, simu inapeleka kwetu. Mwenye lori anaona rangi moja asubuhi. Kijani: amelala, mpe ufunguo. Nyekundu: hakulala, asiguse usukani. Basi. Tumeiita Lepe. Bwambale alitaka jina la Kiingereza. Nilikataa mpaka akachoka.

Daftari hili naandika Kiswahili nilichokipata shule ya msingi Bukoba. Bwambale hukisoma kwa tabu. Vizuri.

Alhamisi, 8 Machi

Bwera. Hajji Swaibu amekubali. Malori yake yanapeleka saruji, bia na samaki wa Kasenyi mpaka Beni na Butembo, Congo. Ametaka bangili kwa madereva wote, bila kubagua.

Yadi yake iko karibu na mto, mpaka uko pale ng'ambo. Madereva wakajipanga na mikono mbele kama watoto wa chanjo. Wakaniita Nesi papo hapo. Isa ndiye aliyeanza. Mwembamba, mcheshi, mama yake anaishi Kasindi, upande wa Congo, naye ana laini ya simu ya kila upande.

"Nesi, funga polepole. Bibi yangu akiona ataniuliza nimeoa nani tena."

Nyuma yake mmoja akasema, "Si bangili hii. Iko pingu." Wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Mzee Baluku, askari wa geti, alitaka yake. Nikamwambia kazi yake ni kukesha. Akasikitika kweli.

Jumanne, 3 Aprili

Hajji alinipigia akasema niende nione mashine yangu inavyofanya kazi. Nilikwenda. Dereva mmoja alikuwa na rangi nyekundu, akaapa amelala. Hajji akamzaba kofi mbele ya wote. Kofia ikaruka mpaka chini ya lori.

"Mashine haina bibi, haina pombe," akaniambia. "Itadanganya kwa nini?"

Yule dereva alikuwa amekesha kweli, baa. Nilijua. Moyo wake ulidunda usiku kucha.

Naandika nisije nikajidanganya baadaye: nilifurahi. Si kwa kofi. Kwa sababu nilikuwa sahihi. Lakini vyote viwili vilitokea kwa pamoja na sikuweza kuvitenganisha.

Jumamosi, 21 Aprili

Hakuna lori la Hajji lililoanguka tangu tuanze. Wenye malori wengine wanapiga simu. Redio ya hapa imemhoji Bwambale. Watu wa Kampala watakuja kuona, na wakipenda wataipeleka Lepe Mombasa, Kigali, kila mahali malori yanapopita. Bwambale alininyanyua juu akanizungusha mpaka nikamgonga mtu wa duka la vyuma kwa kiatu.

Mimi pia navaa bangili. Nyekundu kila siku. Hakuna wa kuninyang'anya ufunguo.

Jumamosi, 5 Mei

Niliona moyo usio wa mtu mzima. Mwepesi mno, na usingizi mzito mno. Nikajua: dereva amemvisha mtoto wake bangili, yeye mwenyewe yuko mahali pengine. Nikampigia Hajji. Nilijivunia kugundua.

Walimlaza dereva huyo kwenye tairi. Wawili wakamshika, fundi wa Hajji akamchapa kwa mkanda wa feni. Niliambiwa tu, sikuona. Leo nimemwona anavyokaa: kwa ubavu, kama mtu anayetega sikio mlangoni. Aliponiona alitema mate. Hakunitemea mimi, alitema chini, karibu. Isa peke yake alinisalimia.

"Nesi, usijali. Huyu alizaliwa na hasira. Uliza kaburi la mama yake."

Sikucheka.

Alhamisi, 17 Mei

Ramadhani imeingia. Madereva wa Hajji karibu wote ni Waislamu. Nimerekebisha hesabu ili kuamka kula daku kusiwafanye wekundu. Mimi ni Mkristo wa Nyakalengija, nilikuwa sijawahi kuona daku, na bado sijaiona, ila nimeiona kwa mistari ya mapigo: saa kumi alfajiri mioyo yote inaamka karibu pamoja, inatulia kwa chakula, inalala tena. Kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kuonekana kwenye kompyuta hii. Niliita Bwambale aje aone. Akasema tuweke kwenye picha za kuonyesha Kampala.

Jumatatu, 28 Mei

Mzee Baluku ameuawa.

Amekutwa asubuhi nyuma ya matangi. Kichwa kimefunguliwa kwa spana ya magurudumu. Dizeli imenyonywa kwenye malori mawili, mpira wa kunyonyea bado uko kwenye tangi. Alimkuta mwizi, mwizi akamkuta yeye. Mwanamke wa jirani alisikia ukelele mmoja, akaangalia saa ya ukutani: tisa. Akadhani ni walevi, akalala.

Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Kwa hiyo ni mtu wa ndani, wanasema. Madereva wote walilala yadini, wanangoja forodha ifungue.

Nilimnyima bangili. Sijui kwa nini hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 29 Mei

Hajji aliuliza jambo moja tu: nani alikuwa macho saa tisa. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Bwambale, na Bwambale akafungua simu yake akamjibu hapo hapo, kabla hajanipigia. Isa. Wote wamelala saa tisa, Isa yuko macho.

Nilikuwa nimekaa mezani nikaufungua mstari wa Isa. Wa usiku ule kwanza. Ndiyo: tisa, moyo umepanda, mkono unatembea. Nikaurudisha kwenye wakati huu wa sasa, sijui nilikuwa natafuta nini. Moyo ulikuwa juu mno. Nikafikiri anakimbia. Mkono hautembei, lakini unatikiswa. Unatikiswa, unatulia, unatikiswa. Kisha nikaelewa wanafanya nini, huko Bwera, wakati nauangalia.

Nilimpigia Hajji. Hakupokea. Nikampigia tena. Mstari ukapanda mpaka ukingo wa juu wa skrini, nikapiga kelele peke yangu kwenye chumba cha bati. Halafu ukakatika. Si kushuka. Kukatika.

Nilidhani amekufa. Kumbe ilikuwa bangili. Watu wa yadi waliuweka mkono kwenye rimu wakaupiga kwa spana, mkono ule ule wenye bangili. Hajji anasema hakuwatuma. Anasema walimpenda Baluku.

Yuko mahabusu. Hai.

Jumatano, 30 Mei

Aliwaambia aliamka kula daku. Wakamjibu daku ni saa kumi, kila mtu alikula saa kumi, wewe ulikula nini saa tisa?

Nimeuangalia mstari ule mpaka macho yanatoa machozi. Mashine haijakosea moyo. Alikuwa macho.

Isa? Na spana?

Sijui watu. Najua mapigo yao tu.

Jumamosi, 2 Juni

Zaina, mke wa Isa, alipanda ngazi zetu saa ya chakula. Jicho moja limevimba. Jana watu wa yadi walikwenda nyumbani kwake, wakavunja mlango, wakatoa godoro na masufuria wakachoma uani. Aliposhika sufuria moja wakampiga nalo.

Alisimama mlangoni akatuangalia mmoja mmoja.

"Ni nani mwanamuke wa mashine?"

Bwambale akaninyooshea kidole. Hivyo tu, haraka.

Zaina alinipiga usoni kwa kiganja, mara moja, kisha ngumi. Nilianguka juu ya sanduku la bangili. Bwambale alimshika mikono akamsukuma kwenye ngazi. Nilimwambia amwache. Pua yangu ilikuwa inavuja na nilihisi kitu kama nafuu.

"Bwana yangu analala, mashine inasema anaua," Zaina alisema. Hakulia. "Basi mashine iende ikalee watoto."

Jumatatu, 4 Juni

Nilikwenda Bwera peke yangu, na unga, sukari, maziwa. Zaina hakunifukuza. Alinionyesha mkeka. Nyumba imejaa harufu ya godoro lililoungua, na mlango ni kanga.

Tukakaa. Watoto wanaangalia uji. Adhana ikalia, wakaanza kunywa. Niliangalia simu: kumi na mbili kamili. Nikafikiri, wamefungua mapema leo, saa nzima. Nikaona aibu kwa niaba yao, nikaangalia pembeni. Ukutani kulikuwa na saa yenye kioo kilichopasuka. Moja.

Nikaangalia simu tena. Kumi na mbili.

Zaina aliniona. "Simu yako imevuka mupaka bila kibali," akasema. "Hapa iko hivyo. Inadaka mnara ya Kasindi, inakupa saa ya Congo. Kunywa uji."

Sikunywa. Nilikiinamisha kikombe bila kujua, uji ukamwagika kwenye mkeka, mtoto mmoja akacheka.

Congo iko nyuma yetu kwa saa moja. Bangili haina saa yake. Inachukua saa ya simu. Niliandika hivyo mwenyewe, mwaka jana, Kasese, mahali ambapo saa ni moja na hakuna mtu anayewaza kwamba unaweza kuvuka barabara ukaingia saa nyingine. Simu ya Isa ina laini ya Kasindi. Aliamka saa kumi. Kumi. Pamoja na wenzake wote, akala daku, na simu yake ikaandika tisa.

Nilimwambia Zaina. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo wamemuvunja mukono kwa saa ya Congo."

"Kwa sababu yangu," nilisema.

"Sikukuuliza hiyo."

Jumanne, 5 Juni

Nimehakikisha. Kila simu hutuachia jina la mnara iliodaka. Usiku ule simu mbili za yadi zilikuwa kwenye mnara wa ng'ambo. Moja ya Isa. Nikaisogeza mbele kwa saa moja, na mstari wake ukakaa juu ya mistari ya wengine, daku juu ya daku.

Halafu nikaisogeza ile ya pili, sehemu ya kabla haijarudi kwenye mnara wetu; iliporudi, kabla ya daku, iliiruka saa tisa.

Mtu huyo tulimwona macho saa nane na hakuna aliyejali. Watu huamka kukojoa. Sasa yuko macho saa tisa. Muda mrefu. Mkono unafanya kazi. Moyo unapanda ghafla, unakaa juu, haushuki mpaka daku. Alikula daku na wenzake na moyo huo.

Nilizima kompyuta kama mtu anayefunga mlango wa choo chenye mtu.

Jioni nilimwambia Bwambale habari ya saa. Sikumwambia ya simu ya pili. Alikaa chini. Akauliza nani anajua. Nikasema Zaina. Akauliza, mwingine? Nikasema kesho polisi watajua.

"Ngoja Ijumaa, dada Masika. Watu wa Kampala wanakuja Ijumaa. Wakishasaini nenda popote."

Nikasema mkono wa Isa unaoza mahabusu.

"Mkono haurudi. Ijumaa itapita, mkono utakuwa ule ule."

Nilinyanyua kompyuta. Akaishika. Nikaivuta. Alinishika shingo kwa mkono mmoja akanibana ukutani, bila hasira, kama anayezuia kabati lisianguke. Hilo ndilo lilinitisha, kwamba hakuwa na hasira. Sikupata pumzi. Nilipapasa nikapata kifuniko cha chuma cha sanduku la chaji, nikampiga nacho sikioni. Nikampiga tena alipokuwa ameshaniachia. Mara ya pili haikuwa ya lazima. Alikaa sakafuni ameshika sikio, damu kati ya vidole, akaniangalia kama ndiyo kwanza anakutana nami.

Nimelala kwa shangazi, mlango umefungwa na kitanda kimeegemezwa.

Jumatano, 6 Juni

Kituo cha polisi, Bwera. Nimevaa skafu kuficha shingo. Afande wa zamu alidhani nimekuja kushtaki mume. Nilipoanza kueleza mambo ya minara akanikata.

"Toa simu." Akaweka yake na yangu mezani, karibu na dirisha la upande wa mto. Tukangoja. Yangu ikarudi nyuma saa moja mbele ya macho yake. Akazigeuza kifudifudi, akazigeuza tena. "Hii tunajua siku zote," akasema. "Kwa nini hatukufikiri?"

Aliita Hajji Swaibu. Hajji alisikiliza amesimama, tasbihi mkononi. Aliuliza nirudie. Nikarudia. Akakaa kwenye benchi la washtakiwa bila kujua ni benchi gani.

Kisha akainua uso, na swali nililokuwa naliogopa tangu jana likatoka.

"Sasa binti, kwa saa ya kweli, nani alikuwa macho?"

Nikasema sijamaliza kuangalia.

Afande akasema, "Maliza. Lete jina kabla ya Idi."

Jumamosi, 9 Juni

Isa ametoka. Nilimwona kwa mbali, hospitalini. Mkono uko kwenye plasta mpaka kwapani, vidole viwili vimeondolewa. Hatashika usukani wa lori tena. Zaina alikuwa anamlisha maembe. Alimwambia kitu, Isa akageuka, akaniona. Sikusogea.

"Nesi," akaita. "Leo nimelala. Andika kijani."

Nilitoka nje nikasimama kando ya ukuta.

Jumatatu, 11 Juni

Watu wa Kampala walikuja Ijumaa, kumbe. Bwambale amewaambia kila kitu, pamoja na kosa, na jina ambalo Hajji alimwambia polisi wanalingoja, na hawakukimbia. Wamesema kosa la saa ni la mstari mmoja wa maandishi. Ni kweli. Nilishalirekebisha. Wamesema kampuni inayotaja muuaji ni habari kubwa kuliko kampuni inayopima usingizi.

Amekuja na bandeji sikioni kunieleza haya. Aliomba radhi ya shingo. Niliomba radhi ya sikio. Halafu akasema, "Peleka jina, dada. Mzee Baluku naye ana haki."

Ana haki. Mjane wake hukaa getini mchana kutwa, kwenye kiti chake.

Lakini nimeshaona wanavyouliza. Wakipewa jina hawaulizi tena. Labda ndiye. Labda alikuwa anahara. Labda alisikia ukelele, akachungulia, akaona, na moyo wake umepanda kwa woga na haujashuka hadi leo. Mstari haujui. Mimi sijui. Rimu ile bado iko yadini, nimeiona, hakuna aliyeiosha.

Jumatano, 13 Juni

Fundi yule wa Hajji alinisubiri chini ya ngazi. Nilidhani amekuja Kasese kwa ajili yangu. Mpole sana.

"Nesi, tupe tu herufi ya kwanza. Sisi tutatafuta wenyewe."

Mkononi alikuwa na mkanda wa feni. Mpya, ndani ya karatasi yake. Alikuwa amekuja kununua vipuri. Nadhani alikuwa amekuja kununua vipuri.

Jumanne, 19 Juni

Nyakalengija. Mvua imenyesha asubuhi, sasa imeacha. Nimepalilia maharage na mama mpaka mstari wa migomba. Hakuniuliza kitu. Alinionyesha jinsi ya kuacha magugu yale madogo yenye maua, kwa sababu nyuki wanayapenda.

Nilifuta kila kitu Ijumaa ya Idi, watu wakiwa kwenye sala. Mistari yote, ya madereva wote, na nakala ya Kampala, na ile iliyokuwa kwenye simu ya Bwambale. Aliiacha mezani akaenda kuoga. Nenosiri ni lake la tangu chuoni. Kisha nikaiponda kompyuta yenyewe kwa nyundo ya duka la vyuma mpaka mwenye duka akapanda kuuliza kama tunajenga. Bangili nimeziacha. Hazina mahali pa kupeleka kitu.

Afande nilimwambia ana kwa ana, Jumamosi. Aliandika maelezo yangu, akanikumbusha kwamba naweza kufungwa, nikasema najua. Akaniambia nisitoke wilayani. Sijatoka. Mjane wa Mzee Baluku nilimwambia pia, getini. Yeye ndiye niliyemwogopa zaidi. Alinisikiliza akatazama barabara. Akasema niondoke.

Jina lile sijaliandika humu.

Mama ameweka viazi motoni. Nakwenda kuchota maji.